ADSL imeshika, PPPoE (kuingia kwa mtoa huduma) iko juu, ila kurasa nyingine hazifunguki na kila saa 1 jioni inakatika. Ni MTU (saizi ya juu ya paketi), ni waya au ni mtoa huduma?

#1 FundiRaskazoni · Jumanne 9 Aprili 2013, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni. Leo siku ya tano silali vizuri.

Kuna nyumba ya wageni hapa Tanga, vyumba 14, wanatumia ADSL ya waya wa simu, kifurushi cha kilobiti 1024 kushuka na 256 kupanda. Walikuwa na kamodemu keupe walikopewa na mtoa huduma, kanachemka mpaka paka wa jikoni akawa analala juu yake. Nikawashauri tuweke kitu cha maana. Nikapata Cisco 877 ya mtumba Kariakoo, nikaifuta, nikaanza upya. Hii hapa, nimepunguza yasiyohusu:

```
interface ATM0
 no ip address
 dsl operating-mode auto
 pvc 0/35
  encapsulation aal5snap
  pppoe-client dial-pool-number 1
!
interface Dialer1
 ip address negotiated
 ip nat outside
 encapsulation ppp
 dialer pool 1
 ppp authentication chap callin
```

Taa ya ADSL imetulia, IP ya nje napata. Google inafunguka vizuri tu. Lakini ukurasa wa benki unaganda, barua pepe yenye kiambatisho haitoki, na kuna wageni wawili Wajerumani wanalalamika VPN ya kazini kwao haishiki. Nikirudisha kamodemu keupe, kurasa zote zinafunguka!

La pili: kila jioni kama saa 1 hivi intaneti inakatika dakika mbili tatu halafu inarudi yenyewe. Hili hata kale keupe kalikuwa nalo.

La tatu: kwenye 1024 nikipima napata 870. Hizo 150 na ushee anakula nani?

Nawasilisha.

#2 NapitaTu · saa 2:44 usiku

Nimeona "interface ATM" nikajua mashine ya benki imekumezea kadi. Kumbe mambo ya waya. Naweka kiti hapa.

#3 Kibatari · saa 2:58 usiku

Mkuu, la kwanza ni ugonjwa unaojulikana. Kwenye Dialer1 hujaweka MTU, kwa hiyo ruta inadhani ina 1500. PPPoE inakula baiti 6 za kichwa chake na 2 za PPP, jumla 8. Fremu ya Ethernet inabeba 1500, toa 8, unabaki na 1492. Weka:

```
interface Dialer1
 ip mtu 1492
interface Vlan1
 ip tcp adjust-mss 1452
```

Hiyo 1452 ni 1492 ukitoa 20 za IP na 20 za TCP. Kazi yake ni kumdanganya seva wa mbali pale mwanzo kabisa wa mazungumzo: kompyuta ya mgeni ikisema "naweza kupokea 1460", ruta inafuta inaandika 1452. Bila hivyo benki inatuma paketi nene iliyopigwa muhuri wa kutokatwa, upande wa mtoa huduma haipiti, ujumbe wa ICMP (taarifa za mtandao wenyewe) wa "punguza" unarudishwa benki, na huko benki kuna mtu kafunga ICMP. Paketi inapotea, hakuna anayeambiwa. Google ikakufungukia, benki ikaganda.

Kamodemu keupe kanafanya ujanja huu kimyakimya, ndiyo maana.

Pima na Windows: `ping -f -l 1464`, halafu 1465. Ya kwanza ipite, ya pili ikatae.

#4 KichwaNgumu · saa 3:15 usiku

Kibatari hapana. MTU inashuka kwa sababu ya ATM (mfumo unaobeba data ya ADSL kwa seli ndogondogo). Seli ya ATM ni baiti 53, paketi ikikatwakatwa kwenye seli ndiyo inapungua. Na huyu bwana VPI/VCI yake (namba za njia ndani ya ATM, ile 0/35) siyo, aweke 8/35, mimi nilisetia ruta kwa 8/35 ikakubali mara moja.

#5 Nodi_Saba · saa 3:31 usiku

KichwaNgumu, jina umelichagua vizuri.

Seli za ATM hazina habari na MTU yako. AAL5, tabaka linalokata paketi na kuziunga, inaweza kubeba mzigo wa hadi baiti 65,535 kwa mkupuo. Hiyo 1492 inatoka Ethernet, na Ethernet imeletwa na PPPoE. Ukitumia PPPoA, yaani PPP inapanda ATM moja kwa moja bila Ethernet katikati, 1500 inapita nzima.

Na 0/35 yake ni sahihi, ushahidi anao mkononi: kapata IP. Ingekuwa siyo, ruta ingekuwa inapiga hodi kwa PADI (ombi la PPPoE) usiku kucha, hakuna PADO (jibu lake) inayorudi. Angeona taa ya ADSL imewaka na hana anwani.

Ile 8/35 yako ni ya mtandao mwingine. Kila mtoa huduma na namba zake.

#6 UgeniniLeicester · saa 3:50 usiku (huku saa 1:50 jioni)

Kweli kabisa #5. Huku Uingereza ni PPPoA, 0/38, aina ya ufungaji wa paketi wanayoita VC-Mux. Ujerumani ni 1/32 na PPPoE. Mwaka juzi nilimtumia kaka yangu Dar ruta nzuri tu, niliitoa kwenye kabati hapa nyumbani. Kahangaika nayo wiki nzima, ananipigia kila siku, "umenitumia kibovu". Mwisho nikamwambia anisomee skrini neno kwa neno. 0/38, VC-Mux, PPPoA. Ruta ilikuwa bado inaota iko Leicester.

Alivyobadilisha vitu vitatu ikashika ndani ya dakika moja. Hajaniomba radhi hadi leo.

#7 FundiRaskazoni · saa 4:20 usiku

Asante Kibatari. Nimeweka zote mbili, BENKI IMEFUNGUKA. Kiambatisho nimejitumia cha mega 3 kimefika.

Ila hiyo ping ya kupima haijibu kwa saizi yoyote. Hata 32 inakufa.

#8 Kibatari · saa 4:24 usiku

Hata 32? Una access-list (orodha ya kuruhusu na kuzuia) kwenye Dialer ambayo hukutuonyesha?

#9 FundiRaskazoni · saa 4:29 usiku

...ninayo. `access-list 101 deny icmp any any`, halafu permit nyingine zote. Kuna mahali nilisoma ICMP ni mlango wa wezi.

#10 Nodi_Saba · saa 4:33 usiku

Kwa hiyo yule mtu wa benki tuliyekuwa tunamsema hapo #3, na wewe ni yeye yule.

Mkuu, ICMP ndiyo tarishi. Ukimfungia geti, barua zote za "paketi yako nene, punguza" zinaishia nje. Kama lazima ufunge, ruhusu kwanza `permit icmp any any packet-too-big`, `echo-reply` na `time-exceeded`.

#11 NapitaTu · saa 4:35 usiku

Hahahaa "nimepunguza yasiyohusu".

#12 FundiRaskazoni · Jumatano 10 Aprili, saa 1:15 asubuhi

Nimeiondoa. 1464 inapita, 1465 inakataa. Nimekubali yaishe.

Mjerumani mmoja VPN imeshika. Wa pili bado.

#13 Salim_Muttrah · saa 2:05 asubuhi

Yakhe, ukipima kutoka kwenye ruta yenyewe usitie 1464, tia 1492. Cisco inahesabu paketi nzima na kichwa chake, Windows inahesabu mzigo mtupu, baiti 28 za IP na ICMP inaziongeza yenyewe. Miye hapa Muscat nlipoteza siku nzima nkidhani laini ina MTU mbili, moja ya ruta na moja ya laptopu.

#14 Kibatari · saa 2:20 asubuhi

Huyo Mjerumani wa pili mshushie MTU ya laptopu hadi 1400 tuone. VPN nayo ina vichwa vyake juu ya hivyo vyetu. Kama ni GRE ni baiti 24 zaidi, IPsec inakula zaidi ya hapo. Na `adjust-mss` inagusa TCP peke yake, VPN ikipanda UDP au ESP (paketi za IPsec) haiambiwi kitu.

#15 Nodi_Saba · saa 2:41 asubuhi

Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa NAT (vyumba vyote kutoka na anwani moja ya nje). ESP haina namba za bandari, ruta haijui imrudishie nani. Aulize kama programu yake ina kuvuka NAT kwa UDP 4500.

#16 FundiRaskazoni · saa 3:02 asubuhi

Nikimpata nitamjaribu, leo wamekwenda mapango ya Amboni.

#17 KichwaNgumu · saa 3:30 asubuhi

Sawa nimekubali la MTU. Lakini zile 150 zinazopotea ni ATM, hapo hamniambii kitu.

#18 Nodi_Saba · saa 3:52 asubuhi

Hapo uko sahihi, na nitakupigia hesabu ili usiringe bure.

Kila seli ni baiti 53, mzigo 48, kichwa 5. Chukua paketi ya 1492. Ongeza 8 za PPPoE na PPP, 14 za Ethernet, 10 za LLC/SNAP, 8 za mkia wa AAL5. Jumla 1532. Gawa kwa 48, unapata seli 32 na nafasi ya baiti 4 inajazwa hewa. Seli 32 mara 53 ni 1696 kwenye waya. Kwa hiyo kila baiti 1696 unazolipia, za IP ni 1492, na za faili lenyewe ni 1452.

1024 × 1452 ÷ 1696 = 877 hivi. Yeye kapima 870. Hakuna aliyemwibia.

Wazungu wanaiita kodi ya seli. Kodi ya kichwa, kama ile ya mkoloni, kila seli inalipa 5 iwe na kitu au haina.

#19 BintiTudor · saa 4:40 asubuhi

Hapo ndipo nilipoumia mimi. Hapa Mombasa tulifungua kibanda cha kupiga simu za nje kwa intaneti, laini ya ADSL ya 256 kupanda. Muuzaji wa vifaa akatwambia G.729 (mbinu ya kubana sauti) ni kilobiti 8 tu, "dada, hata watu ishirini wataongea". Mtu wa tano akiinua simu, wote wanne wa mwanzo wanaanza kusikika kama wako chini ya maji.

Nodi naomba hiyo hesabu kwa paketi ya sauti.

#20 Nodi_Saba · saa 5:03 asubuhi

Pole dada. Sauti ya milisekunde 20 ni baiti 20. Vichwa vya IP, UDP na RTP ni 40, jumla 60. Ongeza zile 40 za PPPoE, Ethernet, LLC na mkia, unafika 100. Seli mbili zinabeba 96. Umezidi kwa baiti 4! Unalipa seli ya tatu karibu tupu. 159 kwenye waya, mara 50 kwa sekunde, ni kilobiti 63.6 kwa simu moja. Nne ni 254.4. Laini yako 256.

Kwa PPPoA ya VC-Mux kama ya yule wa Leicester ingekuwa 60 + 2 + 8 = 70, seli mbili, kilobiti 42.4. Ungepata simu sita.

#21 BintiTudor · saa 5:10 asubuhi

Miaka mitatu baadaye ndiyo naambiwa baiti nne. Kibanda sasa kinauza viazi karai.

#22 UgeniniLeicester · saa 5:45 asubuhi

Mnajua kwa nini 48? Mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye kamati ya simu ya kimataifa, CCITT, Wamarekani walitaka mzigo wa 64, Wazungu, hasa Wafaransa, walitaka 32. Sauti ya kilobiti 64 inajaza baiti 32 kwa milisekunde 4, hivyo Ufaransa ingeweza kupiga simu ndani ya nchi nzima bila vifaa vya kuua mwangwi. Marekani nchi pana, vifaa hivyo walikuwa navyo tayari. Wakakutana katikati, 48. Hakuna hesabu iliyosema 48 ni bora.

#23 NapitaTu · saa 5:51 asubuhi

Kumbe ilikuwa mahari. Huyu 64, huyu 32, wajomba wakasema 48 chai iletwe.

#24 Mzee_Jozi · saa 7:20 mchana

Vijana habari. Mmehesabu baiti mpaka zimekwisha, la saa 1 jioni mmelisahau.

Mimi nimepanda nguzo na kufungua makabati ya simu miaka ishirini na mbili. Tuko Aprili, masika hiyo. Kijana wa Tanga fungua kile kiboksi cha ukutani ambapo waya unaingia nyumbani. Nina hakika utakuta kutu ya kijani kwenye skrubu. Maji ya chumvi ya Tanga hayana huruma na kopa (waya wa shaba). Halafu niambie kuna simu ngapi ndani ya nyumba na kila moja ina splita (kichujio cha kutenga simu na ADSL) au haina.

#25 FundiRaskazoni · saa 9:40 alasiri

Shikamoo mzee. Umekuwa mganga? Skrubu moja ni ya kijani tupu, nyingine ilikuwa na kiota cha sisimizi, wametoka na mayai yao wananiangalia. Nimesafisha kwa msasa.

Simu ziko mbili. Ya mapokezi ina splita. Kuna nyingine jikoni, imeungwa kienyeji kutoka kwenye kiboksi hichohicho, haina.

`show dsl interface atm 0` mchana huu: kufifia 48 dB, nafasi ya kelele 11 dB. Jana jioni nilikuwa nimeiandika 5.5.

#26 Mzee_Jozi · saa 10:02 alasiri

Marahaba. Hiyo ya jikoni ndiyo mchawi wako. Saa 1 jioni watu wanapiga kuuliza chakula, kengele inalia, umeme wa kengele unaingia kwenye ADSL mzimamzima. Weka splita.

#27 Nodi_Saba · saa 10:30 alasiri

Mzee shikamoo, kwa heshima zote. Kushuka kutoka 11 hadi 5.5 hakuiui laini. Kitu kinachokata saa ileile kila siku mimi nakitafuta kwa mtoa huduma kwanza. Nimefanya kazi upande ule, wacha niwaonyeshe kunavyofanana:

```
bba-group pppoe global
 virtual-template 1
 sessions per-mac limit 1
!
interface ATM1/0.1 multipoint
 range WATEJA pvc 1/100 1/600
  encapsulation aal5snap
  protocol pppoe group global
!
interface Virtual-Template1
 mtu 1492
 ip unnumbered Loopback0
 peer default ip address pool MTAANI
 ppp authentication chap pap
```

Mistari hiyo tu ni wateja 501. Kila mmoja ana PVC yake (njia ya kudumu ya ATM) kutoka DSLAM (kifaa cha mtoa huduma kinachopokea waya za wateja), wote wanakuja juu ya kiungo kimoja cha STM-1 ya megabiti 155. Mteja akipiga hodi, ruta inazaa kiolesura cha muda kutoka kwenye kile kielelezo, inauliza RADIUS (seva ya kuhakiki wateja), inampa anwani. Na RADIUS inaweza kurudisha Session-Timeout ya sekunde 86,400. Saa 24 kamili zikiisha, kwaheri. Mteja anaunganisha upya muda uleule, kesho yake muda uleule anakatwa.

FundiRaskazoni, kale keupe mara ya kwanza kaliwashwa saa ngapi?

#28 KichwaNgumu · saa 10:41 alasiri

Swali. Mbona wewe una 1/100 na yeye ana 0/35? Si lazima zifanane?

#29 Nodi_Saba · saa 10:50 alasiri

Swali zuri, nisamehe la jana. Hazifanani na hazihitaji. VPI/VCI ina maana kati ya vifaa viwili vinavyotazamana tu. DSLAM inapokea 0/35 kutoka kwenye bandari yake na kuitoa upande wa pili kama 1/100, jirani yake naye ni 0/35 inatoka kama 1/101. Ndiyo maana wateja wote wa mji wanaweza kuandika 0/35 ileile na hakuna anayesoma barua ya mwenzake.

Na usitumie VCI chini ya 32, hizo zimewekwa akiba kwa kazi za mtandao wenyewe.

#30 FundiRaskazoni · saa 11:15 jioni

Sikumbuki kaliwashwa saa ngapi, ila nadhani ni jioni kweli. Tatizo la hoja yako: jana kulikatika mara mbili, saa 1:01 na saa 1:40.

Naweka logi.

#31 Kibatari · saa 11:22 jioni

Logi inasema "Mar 1". Mkuu, ruta haijui hata leo ni mwezi gani. Weka `ntp server` kabla hatujaanza kubishana juu ya dakika.

#32 Salim_Muttrah · saa 11:40 jioni

Session-Timeout haikati mara mbili kwa usiku mmoja, hapo Nodi umeteleza. Miye nlikuwa na kesi kama hiyo hapa Muttrah, mwaka mzima. Ilikuwa adapta ya taa za dukani, rahisi, ya rial moja. Zikiwashwa taa, kelele inamwagika kwenye waya wa simu. Tulijua kwa kusikiliza redio ya AM karibu na adapta, inakoroma kama mzee.

Hiyo nyumba ya wageni taa za nje zawashwa saa ngapi?

#33 FundiRaskazoni · saa 11:52 jioni

Mlinzi akiingia zamu. Saa 1 kasoro.

#34 NapitaTu · saa 11:53 jioni

Naomba mtu ailetee hii kesi mahakama.

#35 BintiTudor · saa 11:58 jioni

Kama ni kukatika kwa laini si aweke `oam-pvc manage` ajue PVC inakufa lini?

#36 UgeniniLeicester · saa 12:10 jioni

Aangalie asije akajiua. Amri hiyo inatuma seli za OAM upande wa pili na kusubiri zirudi. Kama DSLAM haizijibu, ruta inaamua PVC imekufa na kuishusha, hata kama mambo yote ni mazima. Nilifanya hivyo kwenye hoteli moja siku ya harusi. Ile suti sijaivaa tena.

#37 KichwaNgumu · saa 12:25 jioni

Mnajisumbua na kitu kinachokufa. VDSL2 inatumia PTM, haina seli wala kodi ya baiti 5. Nyuzi za kioo nazo zinakuja. Miaka kumi ijayo nani atauliza VPI?

#38 Mzee_Jozi · saa 12:31 jioni

Kijana, kopa waliizika tangu ningali naitwa fundi msaidizi. Kabati la mtaani kwenu bado lina mafuta ya kuzuia maji na jozi mia nne, mia moja hazina lebo, na mtu wa kuzijua kwa kuzigusa amestaafu. Anayeulizwa ndiye mimi.

#39 FundiRaskazoni · saa 12:50 jioni

Mpango wa leo. Splita ya jikoni nimeweka. Saa ya ruta nimerekebisha. Mlinzi nimemwomba asiwashe taa za nje hadi saa 2, kaniangalia kama nina lengo baya. Nimekaa mapokezi na laptopu. Wajerumani wamehama kwenda Pangani, kwa hiyo VPN ya wa pili tusiiulize tena.

#40 Kibatari · saa 1:03 usiku

Vipi?

#41 FundiRaskazoni · saa 1:07 usiku

Imekatika saa 1:04. Taa za nje zimezimwa. Simu ya jikoni haijalia. Na safari hii taa ya ADSL HAIKUZIMA, PPP tu ndiyo imeanguka, ikarudi baada ya sekunde 50.

#42 Nodi_Saba · saa 1:09 usiku

Nimekaa kimya makusudi. Waya mzima, sesheni imekufa. Session-Timeout, na ile ya saa 1:40 jana ni wewe mwenyewe ulikuwa unachezea.

#43 Mzee_Jozi · saa 1:12 usiku

Taa ya ADSL hubaki inawaka huku seli zinaoza ndani. Asome makosa ya CRC (data iliyofika imeharibika) kwanza.

#44 FundiRaskazoni · saa 1:16 usiku

CRC nilizifuta saa 12:50 zikawa 0. Sasa 312.

#45 Salim_Muttrah · saa 1:17 usiku

Taa za jirani je?

#46 Nodi_Saba · saa 1:20 usiku

CRC 312 kwa nusu saa kwenye waya wa masika ni kawaida. Washa `debug ppp negotiation` na `debug pppoe events` uziache usiku kucha zikiandika kwenye bafa (kumbukumbu ya muda ya ruta). Kesho ikikatika tuangalie nani kaanza kutuma Terminate (ujumbe wa kufunga sesheni). Ikitoka kwao, mzee atanunua soda. Kama hakuna Terminate yoyote na ruta imekata tamaa baada ya kukosa majibu ya echo, nitanunua mimi.

#47 Mzee_Jozi · saa 1:22 usiku

Nakunywa Stoney.

#48 FundiRaskazoni · saa 1:41 usiku

Naandika kwa simu. Nilikuwa ndiyo namaliza kuandika debug, umeme ukakatika mtaa mzima, na bafa imekwenda nayo. Mlinzi anauliza kama sasa anaruhusiwa kuwasha taa.